Medali ya Vita vya Baharini na Wapagazi wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Kila tabaka linalotawala huandika historia yake kwa njia nyingi. Huiandika katika vitabu vya shule, katika majina ya barabara, katika sanamu za njia panda, na huiandika pia katika medali. Makala haya yanachunguza njia hiyo ya mwisho. Yanachukua medali mbili zilizotolewa na mabeberu kwa watu waliopigana katika pwani yetu, wakiwamo mabaharia wao: Medali ya Kikoloni ya Wajerumani ya mwaka 1912, na Medali ya Vita ya Waingereza ya mwaka 1919. Medali hizo zimezoeleka kutazamwa kutoka London na Berlin. Sisi tutazitazama kutoka Korogwe na Handeni.

Msomaji anaweza kuuliza: Korogwe na Handeni zinahusianaje na vita vya baharini? Korogwe iko kando ya Mto Pangani, ndani ya bara. Handeni iko kusini zaidi, katika nchi ya Wazigua, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni shida wakati wa kiangazi. Hakuna manowari iliyowahi kutia nanga huko. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Vita vya baharini havikuishia baharini. Bahari ilipofungwa, mzigo uliokuwa ukichukuliwa na meli ulihamia juu ya kichwa cha mkulima. Aliyekuwa juu ya meli alipewa medali. Aliyechukua mzigo hakuandikwa jina.

1. Medali ni hati

Kada anayesoma historia asidanganywe na mng'aro wa fedha. Medali ni hati ya serikali kama hati nyingine, na inapaswa kusomwa kama hati. Maswali ya kuuliza ni manne. Kwanza, imetengenezwa kwa madini gani, na je, madini hayo ni yale yale kwa watu wote? Pili, jina la nani limechongwa ukingoni? Tatu, sheria iliyoianzisha inamhesabu nani kuwa amestahili, na inamwacha nani? Nne, picha iliyochorwa juu yake inaonyesha nini, na inaficha nini?

Tukiyajibu maswali haya manne tutaona kwamba medali ya kikoloni ilikuwa orodha ya matabaka. Ilipanga watu kwa rangi, kwa cheo na kwa kazi. Ilitenganisha kazi ya kupiga mzinga na kazi ya kuuchukua mzinga, ingawa mzinga usiochukuliwa haupigi.

2. Pwani yafungwa mara ya kwanza, 1888–1889

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutwaa miji ya pwani kwa mkataba iliofanya na Sultani wa Zanzibar. Wananchi wa pwani hawakuulizwa. Pangani ilikuwa ya kwanza kuwaka. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano huko, na katika Saadani aliyesimama ni Bwana Heri bin Juma, ambaye nguvu yake ilitokana na Wazigua wa nyuma ya pwani. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo, nchi ambayo leo ni Handeni haikuwa mtazamaji. Ilitoa watu, chakula na maficho.

Kampuni ilishindwa. Ubepari wa kampuni ukishindwa huita dola yake, na ndivyo ilivyokuwa. Manowari za Ujerumani zilipiga mizinga miji ya pwani, na kuanzia tarehe 2 Desemba 1888 Wajerumani na Waingereza walifunga pwani pamoja. Kisingizio kilikuwa kuzuia biashara ya watumwa na ya silaha. Mwezi Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni mbili, na Hermann Wissmann akatumwa na jeshi la kukodi, wengi wao askari kutoka Sudan na Msumbiji. Saadani ilipigwa mwezi Juni 1889, kisha Pangani na Tanga zikatwaliwa mwezi Julai. Manowari zilipiga kutoka baharini, askari wakashuka ufukweni. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea na vita hadi mwaka 1890, tena akainuka upya mwaka 1894.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana itikadi isiyosema kweli haimfundishi mtu. Miongoni mwa viongozi wa mapambano hayo walikuwamo wenye mashamba na wenye watumwa. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa kando ya Mto Pangani. Waliopigana pamoja naye hawakuwa wote wa tabaka lake wala na shabaha moja naye. Lakini kisingizio cha Mjerumani cha kukomesha utumwa hakikuwa kweli pia, kwani kazi ya kulazimishwa ilikuja nyuma yake mara moja: barabara, reli na mashamba ya walowezi.

Medali ya vita hivyo ilichelewa. Mfalme Wilhelm wa Pili aliianzisha tarehe 13 Juni 1912, zaidi ya miaka ishirini na miwili tangu Abushiri anyongwe. Ilikuwa ya wote waliopigana katika makoloni ya Ujerumani, askari wa nchi kavu na wanamaji. Juu ya utepe wake palibandikwa vibati vidogo vya chuma vilivyoandikwa jina la koloni na miaka ya vita. Vita vya pwani vya 1888 na 1889 vilipata kibati chake. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipata chake pia. Hivyo mauaji na njaa ya maelfu ya watu wa kusini mwa nchi yetu yalifupishwa yakawa neno moja na tarakimu chache juu ya kifua cha mtu mmoja.

Kwa nini mwaka 1912? Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikishindana na Uingereza katika kujenga manowari, na ilihitaji kuwashawishi wananchi wake kwamba makoloni ni fahari yao wote. Mfanyakazi wa kiwanda cha Ujerumani aliyenyonywa na tajiri wake alipewa fahari badala ya mshahara. Medali ilikuwa chombo cha siasa ya ndani ya nchi ile kama ilivyokuwa kumbukumbu ya vita vya huku kwetu.

3. Pwani yafungwa mara ya pili, 1914–1916

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, mapambano ya baharini yalianza katika wiki ya kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha katika mikono ya Mto Rufiji. Mwezi Novemba Waingereza walijaribu kuitwaa Tanga kwa jeshi lililoletwa na meli kutoka India, wakashindwa vibaya. Tangu tarehe 1 Machi 1915 walitangaza kuifunga pwani yote ya koloni la Wajerumani.

Kufungwa huko kwa pwani ndiko kulikoibadilisha hali ya Korogwe na Handeni. Tutazame mambo yalivyokwenda.

Wajerumani walikuwa na reli mbili. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Reli hizo mbili hazikuungana mahali popote. Wakati wa amani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu meli zilipita kati ya Tanga na Dar es Salaam. Bahari ilipofungwa, njia pekee ya kuhamisha risasi, unga, nguo na mizinga kutoka reli moja hadi nyingine ilikuwa nchi kavu. Na nchi iliyo katikati ya reli hizo ni Uzigua.

Hivyo Handeni, iliyokuwa boma dogo la utawala, iligeuka kuwa ghala na kituo kikubwa cha njia ya vita. Kutoka Mombo hadi Handeni ilijengwa reli nyembamba ya toroli. Toroli hizo hazikuwa na injini, zilisukumwa na watu. Kutoka Handeni kwenda Reli ya Kati hapakuwa hata na toroli. Mzigo uliingia kichwani.

Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens iliponyoka ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwindwa na manowari Hyacinth. Iliungua na kuzama nusu, lakini shehena yake iliopolewa: bunduki, risasi na vifaa vingine. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja zikakaushwa. Kazi hii inasimuliwa katika vitabu vya Ulaya kama werevu wa maofisa. Lakini shehena ya meli nzima haiondoki ufukweni kwa werevu wa ofisa. Inaondoka kwa mikono na vichwa.

Mwezi Julai 1915 Waingereza waliimaliza Königsberg katika Rufiji. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikavutwa na watu hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu. Mmoja wa mizinga hiyo ulikutwa Kahe, karibu na Moshi, mwezi Machi 1916. Msomaji ajiulize: mzinga wa meli umefikaje chini ya Mlima Kilimanjaro wakati bahari imefungwa? Ulitoka upande wa Reli ya Kati ukaingia upande wa Reli ya Usambara. Bahari ilikuwa imehamishiwa bara, nayo ilikuwa na mabaharia wake, ila mabaharia hao walitembea pekupeku.

Mwezi huo huo wa Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Sudi karibu na Lindi. Ilileta mizinga, risasi na dawa. Ilileta pia nishani za Msalaba wa Chuma: moja ya daraja la kwanza kwa nahodha wa Königsberg, na za daraja la pili za kutosha kuwapa nusu ya mabaharia wake. Shehena ya Marie ilichukuliwa bara na maelfu ya wapagazi. Ina maana gani kwa mwanafunzi wa historia? Ina maana kwamba hata nishani zenyewe zilikuwa sehemu ya mzigo wa mtu ambaye hazikumhusu.

4. Juni 1916: jeshi lapita Korogwe na Handeni

Mwezi Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini liliteremka kando ya Mto Pangani. Liliingia Korogwe tarehe 15 Juni, na siku chache baadaye likaingia Handeni. Tarehe 24 Juni lilipigana na Wajerumani Lukigura, kusini ya Handeni, kisha likakwama. Halikukwamishwa na risasi. Lilikwamishwa na malaria, kuhara, njaa na umbali wa maghala yake.

Wakati huo huo wanamaji waliteremka upande wa pwani. Tanga ilitwaliwa tarehe 7 Julai 1916. Pangani na Saadani zikafuata, Bagamoyo tarehe 15 Agosti, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Mikono miwili, mmoja wa bahari na mmoja wa bara, ilikuwa ikibana koloni moja. Mmoja usingefaa bila mwingine. Kwa hiyo si halali kusema kwamba vita vya Saadani vilikuwa vya wanamaji na vita vya Handeni vilikuwa vya wengine. Ilikuwa kampeni moja.

Kati ya mikono hiyo miwili walikuwako wananchi. Wajerumani walipoondoka walikwenda na wapagazi, ng'ombe na nafaka. Waingereza walipoingia walitaka wapagazi, ng'ombe na nafaka. Mkulima wa Uzigua au wa bonde la Pangani aliyetoa mtama wake mwezi Mei kwa dola moja, alidaiwa mtama mwingine mwezi Julai na dola nyingine. Vijana waliotakiwa kulima walikuwa njiani na mizigo. Farasi na nyumbu wa jeshi la Smuts walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa ndorobo, na kila mnyama aliyekufa aliacha mzigo ambao ulihitaji vichwa kadhaa vya watu. Mwaka 1917 Waingereza walifanya kamatakamata ya wapagazi katika Afrika ya Mashariki yote. Jina la kikosi hicho cha wapagazi ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, na pia katika Kariokor ya Nairobi.

5. Umbo la medali ya Waingereza

Sasa tuitazame medali yenyewe. Medali ya Vita ya Uingereza ilianzishwa tarehe 26 Julai 1919. Mwanamaji aliistahili kwa kutumika siku 28 tu tangu kuanza kwa vita hadi tarehe 11 Novemba 1918. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu kila upande. Uso mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano. Uso wa pili, uliochorwa na William McMillan, una mtu aliye uchi juu ya farasi, farasi akikanyaga ngao yenye tai wa maadui, na pembeni pana fuvu la kichwa na mifupa. Juu lipo jua la ushindi.

Picha hii inafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa Handeni. Mtu mmoja na farasi wake wameshinda vita. Hakuna mzigo. Hakuna njia. Hakuna hata meli, ingawa wanamaji wote walipewa medali hii hii. Na farasi! Katika nchi ambayo farasi walikufa kwa ndorobo hata wakaisha, na vita vikaendelea juu ya vichwa vya watu, aliyewekwa kwenye medali ni farasi.

Kuhusu madini, sheria ilisema wazi. Wapiganaji walipewa medali ya fedha. Watu wa vikosi vya kazi, Wachina, Wahindi, Wamalta na wengine waliowekwa katika fungu la "wenyeji", walipewa ya shaba. Zilitolewa za fedha kiasi cha milioni 6.5, na za shaba kiasi cha 110,000. Medali ya fedha ilichongwa ukingoni namba, cheo na jina la mtu. Medali ya shaba ya mfanyakazi wa Kichina ilichongwa namba bila jina. Mfanyakazi huyo hakupewa ile Medali ya Ushindi ambayo mpiganaji aliipata pamoja na ya fedha.

Tufanye hesabu ndogo. Wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika vita vya Afrika ya Mashariki walikaribia milioni moja. Hata kama kila medali ya shaba ya dola nzima ya Kiingereza ingeletwa huku, ingetosha mtu mmoja katika kila watu tisa. Lakini hazikuletwa huku zote, kwani kikosi cha Wachina peke yake kilikuwa na watu wanaokaribia laki moja. Basi wengi mno wa wapagazi wetu hawakupata hata hiyo shaba. Walichovaa ni kisahani chenye namba, ili wakitoroka watambuliwe na wakifa wafutwe.

Na walikufa. Kwa hesabu ya wakoloni wenyewe, wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa katika utumishi wa Waingereza, wengi kwa kuhara, homa na utapiamlo. Hesabu hiyo haimo mtu aliyekufa upande wa Wajerumani, wala aliyefika nyumbani akafa, wala mama na watoto waliokufa kwa njaa na kwa homa ya mafua iliyopita nchini mwaka 1918 na 1919.

6. Gharama ya heshima

Ipo habari moja ambayo inaeleza mengi. Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walitaka medali yao iwe na vibati vya kuonyesha mapambano mbalimbali ya baharini. Vibati 68 viliidhinishwa mwaka 1920. Mwaka 1923 mpango wote ukafutwa kwa sababu ya gharama. Baadhi ya maofisa, ambao walikuwa na uwezo, walijitengenezea vyao kwa fedha zao.

Hapa tunaona jinsi ubeberu unavyowatendea hata watu wake. Baharia wa kawaida, mtoto wa mfanyakazi wa Liverpool au Glasgow, alinyimwa kibati cha shilingi chache, huku matajiri waliojipatia faida ya vita hawakunyimwa kitu. Kwa hiyo hatusemi kwamba baharia yule alikuwa adui wa mpagazi wa Handeni. Wote wawili walitumiwa. Tofauti ni kwamba mmoja alitumiwa akaandikwa, mwingine alitumiwa akasahauliwa.

Na kwa mpagazi, kilichofutwa hakikuwa kibati. Kima alichopangiwa na Waingereza kilishuka hadi rupia 5 kwa mwezi. Wapagazi walipokufa, mishahara ambayo haikuchukuliwa na warithi ilibaki serikalini. Maofisa wa makoloni na wa London walibishana juu ya fedha hizo kwa miaka mingi, na hazikurudi kwa familia za marehemu. Ilisemwa kwamba warithi hawajulikani. Hawajulikani kwa nani? Mtoto wa marehemu alijulikana kijijini kwake, na aliendelea kulipa kodi kwa serikali hiyo hiyo iliyodai kutomjua.

Mwaka 1927 sanamu ya askari iliwekwa katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini anayeonekana ni askari mwenye bunduki. Mwezi Aprili 2021, zaidi ya miaka mia moja tangu vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko ni kwa maana, lakini taarifa hiyo haiwezi kuandika majina ambayo hayakuwahi kuandikwa.

7. Tusiwadharau wazee

Wapo watakaosema: lakini askari Waafrika wa King's African Rifles walipata medali za fedha, na wazee wetu walizivaa kwa fahari. Ni kweli. Tusiwadharau wazee hao. Mtu aliyenusurika katika vita, akarudi kwao na kipande cha fedha chenye jina lake, alikuwa na haki ya kukivaa. Mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa karatasi pekee ya serikali iliyomtaja kwa jina lake bila kumdai kodi.

Lakini kuheshimu mtu si kuikubali hati. Medali ya askari ilikuwa na kazi ya pili, nayo ni kumtenga na ndugu yake mpagazi. Askari alikula zaidi, alilipwa zaidi, alipewa buti na medali. Mpagazi alifokewa na askari. Wote wawili huenda walitoka kijiji kimoja. Mkoloni hakuwa na haja ya kuwagombanisha kwa maneno. Aliwagombanisha kwa posho na kwa madini. Huu ndio mgawanyiko ambao TANU ilipaswa kuuvunja ilipoanza mwaka 1954, na iliuvunja kwa kusema kwamba aliyebeba bunduki na aliyebeba gunia ni wananchi wa nchi moja.

8. Funzo kwa makada

Je, taifa huru lisitoe medali? Si hivyo. Taifa linao wajibu wa kuwaheshimu waliolitumikia. Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, askari wa Jeshi la Wananchi na mgambo walikwenda pamoja, na wananchi walitoa magari, ng'ombe na chakula. Makaburi ya Kaboya, Mkoa wa Kagera, na Siku ya Mashujaa inayoadhimishwa tarehe 25 Julai, ni ushahidi kwamba tumejaribu kuweka heshima juu ya msingi mwingine. Lakini kujaribu si kufika, na Chama kisichojikosoa hudumaa.

Tuanze na sisi wenyewe. Shule inapojengwa kwa nguvu za wananchi, nani alichota maji? Nani alibeba mawe kutoka korongoni? Nani alipika uji wa mafundi? Halafu tutazame jiwe la msingi lililobandikwa ukutani. Jina lililochongwa ni la kiongozi aliyekuja siku moja akakata utepe. Jiwe hilo lisomwe kwa maswali yale yale manne tuliyoisoma nayo medali ya mkoloni. Tukifanya hivyo kwa uaminifu tutaona haya, na kuona haya ni mwanzo mzuri. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Mwongozo wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno. Majivuno hayaishi kwenye hotuba tu. Huishi pia kwenye mawe na kwenye vyeti.

Kazi ya pili ni ya wanafunzi na makada wa Korogwe na Handeni. Waliochukua mizigo ya 1914 hadi 1918 wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao wapo, nao wanakumbuka: babu fulani alikwenda hakurudi, bibi fulani alilelewa kwa mjomba kwa sababu ya vita vya Mjerumani, mahali fulani paliitwa hivi kwa sababu ya toroli. Kila kata inaweza kuwa na daftari. Liandikwe jina la mtu, kijiji chake, alichukuliwa na nani, alirudi au hakurudi, na nani ameyasema haya. Yale yanayosimuliwa yalinganishwe na vitabu vya wilaya vilivyoachwa na wakoloni na majalada yaliyo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Pale yanapopingana, yaandikwe yote mawili. Kazi hii haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji daftari, kalamu, na kijana mwenye subira ya kumsikiliza mzee mpaka amalize.

Majina elfu moja yakipatikana katika wilaya hizi mbili, yatakuwa elfu moja zaidi ya yale ambayo dola mbili kubwa ziliweza kuyaandika kwa miaka mia moja. Yawekwe mahali pa wazi: ukutani mwa shule, ofisini mwa kijiji, au kando ya njia ya zamani ya kutoka Mombo. Yasipangwe kwa cheo. Yapangwe kwa vijiji, ili mtoto anayepita aweze kulitafuta la kwao.